Kiti cha Pili Nacho Kina Heshima Yake



Neno "msaidizi" limeshushwa hadhi miongoni mwetu. Makamu wa mwenyekiti huonekana kama mtu anayengoja mkubwa wake ateleze. Mwalimu mkuu msaidizi huulizwa kila mwaka na jamaa zake atapandishwa cheo lini. Katika tafakari ya juma hili napenda kuipinga fikra hiyo, na mfano wangu nautoa uwanjani: ni Robert Kovač wa Kroatia, beki mashuhuri wa zamani, ambaye baadaye alikubali kuwa kocha msaidizi wa kaka yake, Niko.

Robert alizaliwa Berlin Magharibi mwaka 1974, miaka miwili na nusu baada ya Niko. Wazazi wao walitoka Livno, huko Bosnia na Herzegovina, wakahamia Ujerumani. Vijana hao wawili walikulia ugenini, lakini ulipofika wakati wa kuvaa jezi ya taifa, wote wawili walichagua Kroatia. Robert alianza soka la kulipwa Nürnberg, akaenda Bayer Leverkusen, kisha Bayern Munich, ambako alitwaa ubingwa wa Ujerumani mwaka 2003 na 2005. Kutoka hapo alisajiliwa na Juventus ya Italia. Klabu hiyo iliposhushwa daraja mwaka 2006 kutokana na kashfa ya waamuzi, nyota kadhaa walihama. Yeye alibaki katika msimu ule wa daraja la pili, na timu ikarejea ligi kuu. Hatimaye alichezea Borussia Dortmund na Dinamo Zagreb.

Timu ya taifa aliichezea mechi 84, zikiwamo za Kombe la Dunia la 2002 na la 2006, pasipo kufunga bao hata moja. Sioni aibu katika hesabu hiyo. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzuia, naye aliizuia ngome ile kwa muongo mzima. Yamkini hapo ndipo alipojifunza kwamba mtu aweza kuwa wa lazima bila jina lake kuimbwa.

Mwaka 2013 Niko alikabidhiwa timu ya taifa ya Kroatia, na Robert akaketi kando yake. Waliifikisha timu kwenye Kombe la Dunia la 2014 nchini Brazil baada ya kuitoa Iceland katika mchujo. Mwaka 2016 wakaichukua Eintracht Frankfurt iliyokuwa ikinyemelewa na shimo la kushuka daraja. Tazameni yaliyofuata. Mwaka ule walijinusuru kwa kuishinda Nürnberg katika mchujo. Mwaka 2017 walipoteza fainali ya Kombe la Ujerumani mbele ya Dortmund kwa mabao 2-1. Mwaka 2018 walirudi katika fainali hiyohiyo na kuifunga Bayern 3-1, likawa taji kubwa la kwanza la Frankfurt tangu 1988. Kwa miaka mitatu mfululizo, mechi kuu ya kufungia msimu ilimkutanisha Robert na klabu aliyowahi kuitumikia. Aliyeandikwa magazetini, hata hivyo, alikuwa Niko.

Najua wapo watakaosema: "Huo ni undugu tu. Asingekuwa mdogo wake, angepewaje kazi?" Hoja hii ni nzito, nami siidharau, kwa maana tumekwisha kuona ofisi zilizoangamia kwa sababu mkubwa aliijaza nafasi kila mpwa na shemeji. Lakini hatuna budi kupambanua.

Kwanza, tuulize kama ndugu huyo angestahili hata kama jina la ukoo lingefutwa. Mtu aliyelinda ngome ya Bayern na ya Juventus hahitaji barua ya kaka yake ili aweze kumfundisha beki kijana.

Pili, tuulize kama anashiriki hasara. Anayebebwa kwa undugu aghalabu hubaki kwenye kiti mkubwa wake anapoanguka. Bayern ilitwaa ubingwa na Kombe mwaka 2019 chini ya Niko; lakini Novemba mwaka uleule, baada ya kufungwa 5-1 na Frankfurt ileile waliyoijenga, safari yao ilikatika, na ndugu wote wawili waliondoka. Ndipo zikafuata Monaco, Wolfsburg, na mwaka 2025 Dortmund. Kila mlango uliofungwa kwa mmoja ulifungwa kwa wote wawili.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, tuulize kama anaweza kumwambia mkubwa wake ukweli. Hapa damu yaweza kuwa baraka au sumu. Mgeni huogopa kumpinga bosi kwa kuwa atafukuzwa. Ndugu huogopa kumuudhi kaka kwa kuwa wataonana tena nyumbani. Msaidizi anayeitikia "ndiyo" kwa kila neno hana faida, awe ndugu au mgeni.

Kwa mizani hiyo mitatu, nasema Robert Kovač hakupungukiwa na kitu kwa kuketi kiti cha pili. Alikwisha kuonja sifa za uwanjani; hakuwa na haja ya kuziomba tena kwa kumvuta kaka yake shati. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole gumba hakikionei wivu kile cha shahada.

Basi, ndugu yangu uliye makamu, naibu au msaidizi mahali fulani, usikubali kuulizwa kila siku utapanda lini, kana kwamba hapo ulipo ni kituo cha basi. Jiulize tu: je, unaijua kazi, unabeba hasara, unasema kweli? Ukiweza kujibu ndiyo mara tatu, basi kiti chako ni kamili.

Nawatakieni juma jema.