Wimbo Hujibiwa kwa Wimbo

Mtaje Maima mbele ya mashabiki wa Katombi, iwe Kitui au Makueni, chai yako itapoa usiinywe. Kila upande una mfalme wake wa benga, na kila fumbo katika wimbo mpya hupekuliwa: limemlenga nani? Wapo wazee wasemao kuwa vijana wamekosa adabu. Ati enzi za Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, muziki ulikuwa muziki.

Mimi siafikiani nao. Wakamba walikuwa na myali, nyimbo za kumsuta mtu hadharani, kabla gitaa la umeme halijafika kwao. Nasi watu wa pwani hatuna la kuwacheka. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo kali, na hata leo twazisoma. Mama zetu wa Ibinaal Watan na Banu Saada nao walipigana mafumbo kwa lelemama, mji mzima ukisikiliza.

Kejeli, basi, ni fani, na ina sharti lake: akejeliye amzidi mwenziwe kwa ufundi, la sivyo ametukana tu. Nao mashabiki wana sharti lao. Ajibuye wimbo kwa ngumi au kwa tusi la mzazi hamtetei mfalme wake. Amemnyang'anya zamu ya kujibu. Mwacheni ashike gitaa.