Sinema ya juma: Mzee na kitabu kisichoisha

Juma hili tunawaletea sinema isiyo na risasi wala kelele: Starting Out in the Evening, ya Marekani, ya mwaka 2007. Andrew Wagner aliitengeneza kwa pesa kidogo, akiitoa katika riwaya ya Brian Morton.

Leonard Schiller (Frank Langella) ni mwandishi mzee wa New York, aliyefiwa na mkewe. Vitabu vyake vinne havipatikani tena madukani. Cha tano anakihangaikia tangu miaka 10. Anavaa tai, anakaa mbele ya mashini ya kuandikia, na kitabu hakisongi. Halafu anakuja Heather, mwanafunzi anayetaka kuandika juu yake, na nyumba ile ya kimya inavurugika. (Watoto walale kwanza.)

Wengi husifu habari za hao wawili. Sisi tulimwangalia zaidi Ariel, binti wa mzee (Lili Taylor). Anakaribia miaka 40, anatamani kuzaa, lakini Casey anayempenda hataki mtoto. Baba anayechunguza mioyo ya watu wa vitabuni anachelewa kuuona wa binti yake. Na siku kiharusi kinapompiga, anayemtunza ni Ariel huyo huyo, bila maneno mengi.

Wanasema Kiingereza, mama anayekisikia awatafsirie wenzake. Mkimaliza, zungumzeni: Ariel alimdai baba yake nini, na je, alilipwa?