JINA LA GARI LETU: MBONA TUCHEKE KISWAHILI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Nami naongeza, wala sijidai mhenga, kwamba gari bovu hata likiitwa Malaika, usiku mtalisukuma tu. Basi nipe dakika chache za mapumziko yako nikueleze kilichonikaa rohoni tangu muhula wa pili.

Waliohudhuria mjadala wetu watakumbuka hoja yenyewe. Ilisema hivi: gari dogo la kwanza la familia, lile tunaloliita saluni, litakalobuniwa Kenya na kuuzwa kwa wingi, lipewe jina la Kiswahili. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Kabla hatujataja mfano hata mmoja, mwenzetu wa upinzani alisimama akasema, "Bwana Spika, nani atanunua gari linaloitwa Kobe?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Hata walimu walicheka, msikatae, niliwaona! Kura zilipohesabiwa tukawa tumeshindwa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mimi nilikubali. Lakini kile kicheko kiliniuma. Nilijiuliza, tulicheka nini hasa? Jaguar ni nini kama si paka mkubwa wa mwituni? Na ile Volkswagen ya mgongo wa duara, si Wajerumani wenyewe waliibandika jina la mdudu? Mdudu huyo aliundwa zaidi ya mara milioni 21, akazunguka dunia nzima. Hakuna aliyecheka. Kumbe tulichokicheka si mnyama. Tulicheka lugha yetu wenyewe.

Hebu tutazame wenzetu wa Japani. Mwaka 1955 kampuni ya Toyota ilitoa gari liitwalo Crown, yaani taji. Mwaka 1957 ikafuata Corona, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Mwaka 1966 ikaja Corolla, ambayo ni taji dogo, au duara la petali za ua. Halafu kuanzia 1980 likaja jina Camry. Mimi nilidhani Camry ni Kizungu cha ndani ndani kabisa. La hasha! Limetokana na neno la Kijapani *kanmuri*, ambalo maana yake ni taji. Msomaji, mataji manne! Wajapani walichukua neno la nyumbani kwao, wakalinyoosha kidogo, wakaliuza Marekani, na Wamarekani wakalinunua kwa mamilioni bila kuuliza maana yake. Sisi tukisema gari liitwe Taji, mtu anaziba mdomo kwa kiganja.

Na kuna linalochekesha zaidi, au tuseme linalosikitisha. Neno "safari" ni letu. Nissan ililichukua ikaliweka kwenye gari lake kubwa lililouzwa Japani, na Tata ya India ikalitumia kuanzia 1998. Wageni wamelipa neno letu heshima ya kulipigilia kwenye chuma, na sisi wenye neno tunaona haya. Ama kweli, nabii hana heshima kwao.

Lakini wanaonipinga wana hoja moja nzito, na sitaki kuikwepa. Wanasema jina si kitu, kitu ni gari lenyewe. Naam, hapo nawaunga mkono, na nitawapa ushahidi mimi mwenyewe.

Mwaka 1955 kampuni ya Ford kule Marekani ilikuwa ikitafuta jina la aina mpya ya gari. Walikusanya maelfu ya majina. Walimwandikia hata mshairi maarufu, Marianne Moore, wakamwomba awasaidie. Bibi yule aliwatumia orodha ya majina ya ajabu, na mojawapo lilikuwa Utopian Turtletop. Mwenye kamusi na aifungue: ndani ya jina hilo mna kobe! Kwa hivyo, ndugu yangu wa upinzani, kicheko chako kilichelewa miaka mingi. Baada ya taabu yote hiyo wakubwa wa Ford waliyatupa majina ya mshairi na ya wataalamu, wakachagua Edsel, jina la marehemu mwana wa Henry Ford mwanzilishi. Gari lilizinduliwa Septemba 1957 kwa mbwembwe na matarumbeta. Kufikia Novemba 1959 lilikuwa limeachwa kuundwa, na hasara iliyotajwa sana ni dola milioni 250.

Je, ni jina lililoua gari lile? Jina halikusaidia, lakini si peke yake. Watu waliuchekelea uso wa gari, wakalalamikia ufundi wake, na uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora mwaka 1958. Linganisheni na Mercedes. Hilo nalo ni jina la mtoto! Mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyekuwa akiuza magari ya Daimler, alikuwa na binti aliyezaliwa 1889 aitwaye Mercédès. Jina la binti huyo likabandikwa gari jipya la mwaka 1901. Gari lilikuwa zuri, likashinda mashindano, na jina likang'aa hata Afrika Mashariki tukapata neno "Wabenzi" la kuwasema wakubwa. Mtoto wa huku na mtoto wa kule, mmoja amekuwa alama ya utajiri na mwingine alama ya kuanguka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa mtaniuliza, kama jina haliokoi gari, mbona unatupigia kelele? Napiga kelele kwa sababu ya swali lingine ambalo mjadala wetu ulilisahau: nani anayechagua?

Wakati Nissan ilipotaka kutoa gari lake dogo la familia mwaka 1966, haikuwafungia wakubwa chumbani. Iliwauliza wananchi. Majina zaidi ya milioni 8 yaliletwa, na kutoka humo likachaguliwa Sunny. Hebu fikiria, watu wameketi mezani kwao na kalamu, wakilipa jina gari ambalo bado hawajaliona. Gari lilipotoka lilikuwa kama mtoto wa mtaa.

Nasi Kenya tulijaribu bahati yetu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, na mwaka 1990 magari matano ya majaribio yakaonyeshwa, yenye uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa. Wahandisi wetu waliifanya kazi hiyo, na yeyote anayewadharau hajui ugumu wake. Jina likawa Nyayo Pioneer, yaani nusu kauli ya serikali ya siku hizo, nusu Kiingereza cha "mtangulizi". Magari hayo hayakuwahi kuundwa kwa wingi. Sisemi ni jina lililoyazuia, kwa maana fedha za kiwanda hazikupatikana. Ninachosema ni kwamba jina lilitoka juu likashuka chini. Na jina la kusifia wakati hupita pamoja na wakati wake.

Sasa niruhusuni niseme la kwetu nyumbani. Baba yangu alikuwa na Sunny kuukuu, la rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Alilinunua kwa pesa za majani chai. Nyanya hakuweza kulitamka hilo jina. Alilisikia "Sani," akauliza, "Huyo Sani ni mtoto wa nani?" Tukacheka. Baadaye aliona kwamba kila Ijumaa gari lilikuwa likija kumpeleka kliniki, bila kukosa, hata wakati wa matope ya Aprili. Siku moja akaupiga bodi kofi la upole, akasema, "Huyu ndiye mjukuu wangu asiyechoka kunitembelea." Tangu siku hiyo likaitwa Mjukuu. Majirani wakaliita Mjukuu. Fundi wa magari naye akawa anampigia Baba simu: "Mzee, Mjukuu amepona, njoo umchukue." Mwishowe Baba akaandika jina hilo kwenye kioo cha nyuma.

Mwaka jana Mjukuu aliuzwa. Karo yangu ndiyo iliyomuuza, sitawaficha. Aliyenunua alilikwangua jina pale kioo pale palipokuwa pameegeshwa gari, nasi tukitazama. Nyanya hakusema neno. Siku hizi Ijumaa ikifika bado huuliza, "Mjukuu yuko wapi?" na mimi sijui kama ananiuliza mimi au gari.

Ndiyo sababu kicheko cha ukumbini kiliniuma, wenzangu. Jina lililochaguliwa na wananchi wa Japani lilikuwa zuri, lakini lililoingia moyoni mwetu ni lile la Nyanya. Jina la kweli la gari hutolewa na wale wanaopandia ndani yake. Si tunafanya hivyo hata kwa watoto? Mluhya aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno. Mkikuyu hupewa jina la babu au nyanya ili ukoo usipotee. Hatuokoti jina sokoni kwa sababu linasikika vizuri masikioni mwa wageni.

Kwa hivyo, siku gari letu litakapokuja, na litakuja, napendekeza mambo manne.

Kwanza, wananchi waulizwe, kuanzia Lodwar hadi Kwale, na majina yao yasomwe hadharani.

Pili, jina liwe fupi na lisimtatize mtu ulimi. Kama Nyanya hawezi kulitamka, litupwe.

Tatu, liulizwe maana yake kwa majirani kabla ya kupigiliwa kwenye chuma. Mitsubishi waliliita gari lao Pajero, kumbe kwa Kihispania cha mitaani ni tusi. Ikabidi katika nchi za Kihispania liitwe Montero. Sisi wenye lugha zaidi ya arubaini nchini tuna kila sababu ya kuchunga.

Nne, lisiwe jina la kumsifu mkubwa yeyote. Mkubwa ana jina lake tayari.

Kuna watakaosema gari lenye jina la Kiswahili halitauzika ng'ambo. Mbona Waganda hawakuogopa? Walipounda gari lao la majaribio lililoonyeshwa 2011 waliliita Kiira, jina la nyumbani. Kiswahili nacho kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Lugha iliyopewa siku nzima ya kusherehekewa haiwezi kukosa nafasi ya sentimita kumi kwenye buti ya gari.

Mimi mwenyewe nimeshachagua. Ningeliita Jamaa. Ni familia, na mtaani ni yule rafiki unayemwita akuokoe. "Umekuja na nani?" "Nimekuja na Jamaa." Kama hulipendi, lete lako, kisanduku cha maoni cha chama kiko mlangoni mwa maktaba. Hata Kobe nitalipokea, mradi gari lenyewe lisiende kama kobe.

Kwa kutamatisha, naomba mjadala huu urudiwe mwaka ujao. Tukishindwa tena, nitapiga makofi. Lakini safari hii, tafadhalini, tushindwe kwa hoja na si kwa kicheko.