Maoni Yetu Juu ya Ile Filme ya Farasi

Tangu siku ya posho iliyopita, pale ilipoonyeshwa filme ya farasi katika chumba kikubwa cha kulia, mabishano hayajaisha. Kwenye foleni ya maji watu wanabishana, katika dormitori wanabishana mpaka taa zinazimwa, na wakati wa kufyeka uwanja wawili waliacha majembe chini ili waonyeshane namna farasi alivyomtupa Kolonele. Basi sisi wa Pedagogi, mwaka wa tatu, tumeona afazali tuandike, juu kila mutu anasema yake na hakuna anayesikiliza mwenzake. Tuseme mbele kwamba sisi wenyewe hatukubaliani wote. Tulioandika hapa ni sita.

Kwa wale waliokuwa wamekwenda nyumbani: filme inaitwa Spirit, l'étalon des plaines. Ni filme ya kuchorwa, ilitoka Marekani mwaka 2002, kazi ya kampani DreamWorks. Walioiongoza ni Kelly Asbury na Lorna Cook. Iligharimu karibu dola milioni 80, na sisi tuliiangalia juu ya shuka la kitanda, grupu ikazimika mara mbili. Spirit ni farasi wa pori, kiongozi wa kundi lake huko magharibi ya Marekani, wakati askari walipokuwa wanawanyanganya wenyeji inchi yao. Anakamatwa, anapelekwa kambini, Kolonele anajaribu kumvunja kiburi. Anatoroka pamoja na kijana wa kabila la Walakota, jina lake Little Creek. Kijana naye anajaribu kumpanda, anashindwa. Askari wanashambulia kijiji, farasi anakamatwa tena na kupelekwa kuvuta masini ya treni mulimani. Huko anawafungua wenzake, na mwisho anarudi kwao. Filme haifiki saa moja na nusu.

Maoni ya kwanza yalitoka kwa wakubwa wa Fizike. «Ile ni filme ya batoto, bana.» Sababu yao ni kwamba ni michoro tu, tena inachosha, juu farasi hawasemi. Kweli hawasemi. Tumezoea filme za kuchorwa ambamo panya na simba na samaki wanapiga maneno kuliko wakili. Hapa farasi wanalia kama farasi, na sisi tunasikia sauti moja tu inayosimulia mawazo ya Spirit, tena si kila wakati. Sisi tunaona hapo njo nguvu ya filme. Unalazimika kuangalia masikio yake. Yakilala nyuma, amekasirika, yakisimama, anasikiliza. Kampani ilitafuta farasi wa kweli, dume wa aina ya Kiger aitwaye Donner, ili wachoraji wamwangalie namna anavyotembea na kugeuza shingo. Watoto wa walimu waliokaa mbele, wa miaka mitano au sita, ambao Kifaransa bado hawajui, hawakuuliza neno hata moja. Walifahamu yote. Filme nyingi za watu wakubwa haziwezi vile.

Kitu tunachokubaliana na watu wa Fizike ni nyimbo. Bryan Adams anaimba kupita kiasi, na anaimba yale ambayo macho yetu yameisha kuona. Farasi anarudi nyumbani, tunaona anarudi nyumbani, na wimbo unakuja kutuambia kwamba amerudi nyumbani. Muziki wa Hans Zimmer peke yake ungetosha.

Kuna waliolia. Hatutataja majina, lakini si wasichana tu. Na jambo la kushangaza ni kwamba kati yetu wote ni mwenzetu mumoja tu aliyewahi kuona farasi kwa macho. Sisi watu wa Kongo hatuna farasi. Mahali pengi katika inchi yetu inzi ya tsetse anawaua, na mutu aliyetaka kusafirisha kitu alikiweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Pengine njo maana tulilia: pale farasi walipofungwa minyororo ili wavute masini ya treni mulimani, hatukuwaona farasi. Tulisoma katika historia namna reli ya Matadi mpaka Léopoldville ilivyojengwa tangu mwaka 1890 mpaka 1898, na watu waliokufa pale kwa kazi na magonjwa. Mumoja nyuma yetu akasema kwa sauti: «Basi pale tulikuwa siye.» Hakuna aliyecheka.

Lakini mabishano makubwa ni juu ya Kolonele na Little Creek, na hapo tunaomba mutuvumilie, juu ni jambo linalotugusa sisi wa Pedagogi kuliko wengine.

Musahaulifu akumbuke. Kambini, askari wanamkata Spirit manyoya ya shingo, wanataka kumtia alama na chuma cha moto, wanataka kumpigilia vyuma kwa kwato. Anawapiga mateke. Wanapanda mumoja mumoja, anawatupa wote. Ndipo Kolonele anaamuru afungwe kwenye nguzo siku tatu, bila chakula, bila maji. Hapigi kelele, hana hasira. Anafanya kazi yake vizuri, njo inaogopesha. Siku tatu zikiisha anapanda yeye mwenyewe, na kidogo tu angeshinda. Farasi ameinamisha kichwa, na Kolonele anaanza kuwahubiri askari wake kwamba mwenye kuvumilia atamtiisha farasi ye yote. Wanaomtetea Kolonele wanasema: «Alishindwa juu alipiga maneno mapema. Angenyamaza, angemupata.» Labda ni kweli. Tulifikiri sana juu ya neno lile, na tunaona kama ni kweli, basi ni mabaya zaidi.

Little Creek naye si malaika. Wengi wamemfanya malaika. Yeye pia anamfunga farasi ndani ya ua, anataka kumpanda, anatupwa chini mara nyingi. Tofauti yake ni kwamba anamfunga pamoja na Rain, farasi wake jike aliyezoea watu, ili yule wa pori ajifunze kwa mwenzake. Njia hii Kongo inaijua. Mwalimu wetu wa historia alitueleza habari ya tembo wa Uele: wakati wa Leopold wa pili, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kituo cha kufundisha tembo kiliwekwa Api, na nyuma kazi hiyo ikahamia Gangala-na-Bodio, karibu na pahali palipo leo Parke ya Garamba. Walikamata tembo wadogo porini, wakawaweka pamoja na tembo waliokwisha kuzoea, mpaka wakavuta magari na majembe. Wazungu walikuwa wakisema kwamba tembo wa Afrika hafundishiki. Akafundishika.

Basi Little Creek alifanya kama watu wa Uele, na bado hakuweza. Na hapa filme inafanya jambo ambalo hatukulitazamia. Kijana anaketi, anamwangalia, anafungua mulango wa ua. Anamwambia aende. Mutu anayefundisha, akishindwa, kwa kawaida anatafuta kamba nene zaidi. Huyu alifungua. Na karibu na mwisho, askari wanapowafukuza mpaka kwenye korongo refu, Spirit anaruka ng'ambo na Little Creek akiwa juu ya mugongo wake. Yule aliyeacha kumpanda njo yule aliyekuja kubebwa.

Wenzetu wengine wanne wa kelasi wanatucheka. Wanasema: «Little Creek alikuwa na farasi mumoja. Mukifika kwa stazi mutakuta batoto sitini na mbili ndani ya kelasi moja, dirisha hazina, chaki ni nusu. Fungueni mulango, muone nani atabaki.» Jibu lao ni zuri, na hatuna jibu jepesi la kurudisha. Siku ya kwanza, juma lijalo, njo tunaanza stazi, na fimbo iko inatungojea katika kila kelasi, imesimama karibu na ubao. Wanasema tena: «Siye tulifundishwa na fimbo, na tumefika hapa.»

Ni kweli, tumefika. Lakini tuhesabu vizuri. Katika masomo moja ya primeri, ambayo hatutaitaja, wawili kati yetu walisoma kelasi ya ine pamoja na kijana aliyeketi benchi ya tatu. Alikuwa anajua hesabu kutupita. Tatizo lake lilikuwa ulimi: ukimwuliza mbele ya watu, neno halitoki, na asipojibu anachapwa, na akiisha kuchapwa neno halitoki kabisa. Mwalimu alisema ni kiburi, atakiondoa. Kijana yule hakumtupa mutu chini. Siku moja hakuja, siku ya pili hakuja, na nyuma tukasikia yuko anachimba madini na wajomba wake. Hatukupiga hesabu yake tuliposema «tumefika hapa». Kolonele naye angeweza kuonyesha farasi wote waliosimama kimya kambini, wenye vyuma kwa kwato, na kusema: munaona, wamefika.

Lakini filme haitusaidii mpaka mwisho. Spirit anarudi kwenye mbuga za kwao, anakimbia na mama yake na kundi lake, ameshinda. Farasi anaweza kurudi vile alivyokuwa. Mutoto ukimfungulia mulango bila kumfundisha kusoma, hukumpa uhuru, umemtuma kwenye machimbo. Kwa hiyo wale wanaotuambia kwamba tumelewa filme wamekosa kidogo. Tunajua pahali inapokoma.

Sasa tuje kwa maoni ya dada mumoja wa kelasi yetu, ambayo yalitunyamazisha wote. Yeye hakulia siku ile. Alikasirika. Anatoka kwa watu waliokimbia kijiji chao usiku, mara mbili, na tunaomba musimwulize. Alisema: «Munalilia farasi. Nani aliuliza habari ya kile kijiji?» Tukakumbuka. Askari wanaingia kijijini na bunduki, akina mama wanakimbia na watoto. Halafu Rain anapigwa risasi, anaanguka mtoni, na Spirit anamfuata, na filme nayo inawafuata hao wawili. Watu wanaachwa nyuma katika moshi. Mwishoni tunaonyeshwa kijiji tena, mahema yamesimama, Rain amepona, kila kitu kimetengenezwa kama vile kulikuwa mvua tu. Na Kolonele, pale kwenye korongo, anamzuia askari wake asipige risasi, anainamisha kichwa kwa heshima, na sisi katika chumba cha kulia tukapiga makofi. Tulimpigia makofi mutu aliyechoma kijiji juu alimsamehe farasi.

Dada yetu ana haki. Tulikwenda kusoma. Reli ya kuvuka Marekani, ile ambayo katika filme masini yake inaanguka na kulipuka, kwa kweli haikusimama. Iliunganishwa tarehe 10 Mei 1869 huko Promontory, Utah. Walakota walikuwa wamefanya mapatano na serikali ya Marekani huko Fort Laramie mwaka 1868, wakiahidiwa milima yao, Black Hills. Mwaka 1877 wakanyanganywa. Na tarehe 29 Desemba 1890, huko Wounded Knee, askari waliua zaidi ya Walakota 150, pamoja na wanawake na watoto. Farasi wa pori walipata sheria ya kuwalinda mwaka 1971. Hatusemi filme ya watoto ingeonyesha yote hayo. Lakini kama ina nafasi ya nyimbo nyingi vile, ingekuwa na nafasi ya uso mumoja wa mama wa Little Creek baada ya vita.

Hata hivyo tunaomba ionyeshwe tena, na dada yetu mwenyewe ametia sahihi yake chini ya maombi. Bwana Prefe amekubali, siku ya posho saa kumi na mbili na nusu ya mangaribi, kwa kelasi za saba na za nane. Kila mutu aje na kiti chake na franka 200 za esanse. Tulimwomba mwenye masini apunguze sauti wakati wa nyimbo. Amekataa, anasema nyimbo njo anazopenda.

Na juu ya fimbo, wawili kati ya sita wamesema wataingia kelasi siku ya kwanza bila kuigusa. Watatu wanasema wataona. Wa sita ameisha kwenda kwenye kelasi yake ya stazi, akaitoa karibu na ubao, akaiweka juu ya boriti, pale ambapo watoto hawaioni. Tulimwuliza kwa nini hakuivunja. Akasema boriti haiko mbali sana, kama akiihitaji.