Stika Haizibi Ufa

Haya wadau, nimerudi. Wiki iliyopita ilikuwa tesiti juu ya tesiti, hata usingizi nilikuwa nausikia kwa jirani. Leo naomba tuache kidogo stori za kampasi tuongelee gari. Msicheke! Najua usafiri wangu mimi ni daladala na miguu, ila gari hili limenigonganisha na mtu ninayemheshimu sana.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Norwich, Uingereza. Ana Lotus Elise ya bluu, aliinunua ikiwa imeshatumika. Kwa wasiolijua, Elise ni kigari kidogo cha michezo cha watu wawili, kilitengenezwa Hethel, jirani kabisa na Norwich, kuanzia 1996 hadi 2021. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kilo 700 na ushee tu. Siri ni kwamba fremu yake ni ya alumini na bodi ni fiba, yaani nyuzi za glasi zilizoshikanishwa kwa resini. Siyo mambo mapya: Wamarekani walitoa Corvette ya fiba mwaka 1953, magari 300 ya kwanza, yote meupe.

Sasa kaka aligusa nguzo kwenye maegesho. Bati lingebonyea. Fiba haibonyei, inajikunja kisha inarudi, halafu inakuachia nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kwenye Elise pua yote ya mbele ni kipande kimoja kikubwa, kwa hiyo huwezi kubadilisha kona tu. Kupiga rangi upya gari zima kule ni maelfu ya pauni. Kaka akapata wazo: abandike stika ya vinaili gari zima, rangi ya kijivu, nyufa zisionekane, kisha auze. Akanitumia picha WhatsApp, "mdogo wangu, hebu muulize ba'mdogo anasemaje."

Ba'mdogo ni fundi rangi, ana gereji yake Ilala, mwaka wa ishirini na kitu sasa. Jumamosi nikaenda. Shikamoo, marahaba, nikampa simu aone. Nilitegemea atasema piga rangi, si ndiyo ugali wake? Akavuta picha, akanyamaza, akasema: "Kwanza muulize, anataka kulitengeneza au kulificha?"

Wadau, hilo swali ndilo mada yangu ya leo.

Stika siyo kitu kibaya. Rangi ya chini ikiwa nzima, stika ni akili kabisa. Inakinga rangi ya kiwandani isichubuliwe na vijiwe, ukichoka unaibandua, na gari linabaki na rangi yake ya asili ambayo wanunuzi wa magari kama haya wanaipenda. Lakini unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Kitu chembamba hivyo hakifichi mabonde wala vilima, kinavifuata. Na kinashika vizuri kwenye rangi iliyokaa imara tu. Ukibandika juu ya rangi inayonyanyuka au puti tupu, siku ya kubandua inaondoka na vipande. Tena fiba haipitishi joto kama bati, fundi akizembea na mashine ya kupasha moto joto linabaki palepale juu.

Na ufa wenyewe je? Ufa wa fiba hauponi kwa kufunikwa. Inatakiwa uuchimbe kwa msasa mpaka ufike mwisho wake, uangalie kama umeishia kwenye tabaka la juu au umeingia kwenye nyuzi. Kama umeingia, unaweka nyuzi na resini mpya kwa nyuma, ndiyo uje kwenye puti na rangi. Ukiacha, gari linatikisika, ufa unatembea. Wahenga walishamaliza: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi msimamo wangu ni huu. Gari zima rangi? Hapana. Gari zima stika? Hapana pia. Tengeneza pua, ipige rangi pua peke yake kwa bluu ileile, kwingine kuzuri kuache. Baada ya hapo ukitaka stika bandika, rangi ikishakauka wiki kadhaa, na mnunuzi mwambie kilichotokea.

Rumeti wangu ananiambia nimekuwa mlokole wa magari, eti mnunuzi akague mwenyewe. Hivi jamani, sisi tunaosomea ualimu tutawaambia nini watoto wakidesa? Mwanafunzi anayedesa naye amebandika stika: alama inang'aa, chini kuna ufa.

Ila nisidanganye, upande wa rangi nao una gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Rangi za kisasa za kuchanganya na dawa ya kugandisha zina isosayaneti, sumu inayoleta pumu kwa mafundi. Kitambaa puani hakisaidii kitu, inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Ba'mdogo ana kitambaa. Wakati tunaongea alikohoa mara nyingi mpaka nikaona aibu kuendelea kumhoji. Kwa hiyo nikisema "piga rangi" namaanisha kwenye chumba chenye mitambo ya kuvuta hewa na fundi aliyevaa vizuri, na kazi iwe ndogo iwezekanavyo. Na barakoa ya ba'mdogo nimeanza kuitafuta bei.

Sasa kimbembe. Kaka huyuhuyu ndiye anayeniokoa bumu likikata. Hela ya kupanga chumba muhula huu ni yake. Nilikaa na simu nusu saa, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Kaka, ba'mdogo anauliza unataka kulitengeneza au kulificha? Mimi naona tulitengeneze."

Tiki mbili za bluu tangu jana usiku. Kimya.

Mimi ndiyo hivyo, nimeshasema. Nawasilisha.