Lebo ya Runinga na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo alivyo leo mnunuzi wa runinga wa Mghange, katika milima ya Taita. Akiteremka hadi Voi kutafuta runinga mpya, hukabiliwa na maandishi HDR10, HDR10+, Dolby Vision na HLG, na huogopa kununua kitu ambacho kesho hakitamfaa. Hofu hiyo ina historia.

Mnamo Desemba 2009, Kenya ilizindua matangazo ya dijitali kwa mfumo wa DVB-T. Baadaye ilihamia mfumo wa DVB-T2, unaobeba idhaa nyingi zaidi katika masafa yale yale. Kipokezi cha mfumo wa kwanza hakiwezi kusoma mawimbi ya mfumo wa pili, ingawa vyote viwili huitwa vya dijitali. Aliyetangulia kununua alilazimika kununua tena. Mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015, hata kuishi karibu na kilele cha Vuria, chenye milingoti ya mawasiliano, hakukumfaa kitu asiyekuwa na kipokezi kinachopasa.

Katika mabadiliko hayo Kiswahili kilitimiza nusu ya wajibu wake. Neno king'amuzi, lililotokana na kitenzi ng'amua, lilienea madukani na majumbani. Hata hivyo, hapakuwa na neno lililozoeleka la kutofautisha king'amuzi cha mfumo wa kale na kile cha mfumo mpya. Tofauti iliyomgharimu mnunuzi fedha ilibaki imefichwa katika tarakimu moja.

Kosa hilo laweza kurudiwa. HDR ni mbinu ya kupanua upeo wa mwangaza na rangi, ili jua la mchana na kivuli cha pangoni vionekane vyema katika picha moja. HDR10 hutoa maelezo ya mwangaza mara moja kwa filamu nzima. Dolby Vision na HDR10+ huweza kuyabadilisha onyesho baada ya onyesho, lakini ni mifumo ya wapinzani: runinga za Samsung, kwa mfano, hazipokei Dolby Vision. HLG, iliyobuniwa na mashirika ya utangazaji ya BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, ilikusudiwa kuonekana hata katika runinga za kawaida.

Hofu nyingine hupungua jambo likielezwa. Filamu nyingi za Dolby Vision hubeba pia HDR10, hivyo runinga isiyojua mfumo mmoja huonyesha mwingine. Hatari kubwa zaidi i katika runinga ya bei nafuu yenye lebo ya HDR, ambayo hupokea ishara hiyo ilhali kioo chake hakina mwangaza wa kutosha kuonyesha tofauti yoyote. Lebo husema kweli, na mnunuzi hupunjika.

Wapo watakaodai kuwa hayo ni mambo ya mafundi, na kwamba herufi hizo ni za kimataifa. Herufi na zibaki. Maana ndiyo inayopaswa kutafsiriwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, humpa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu. Ibara ya 7 hukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara hizo mbili zikisomwa pamoja, ni vigumu kuona kwa nini mkazi wa Mghange, azungumzaye Kidawida nyumbani na Kiswahili sokoni, aelezwe bidhaa yake kwa Kiingereza pekee.

Hapa ndipo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi. Istilahi zinazoishia katika makongamano hazimfai mnunuzi. HDR yaweza kuitwa upeo mpana wa mwangaza, na maelezo yake yakagawanywa kuwa ya filamu nzima na ya kila onyesho. Istilahi hizo zipelekwe madukani, zijaribiwe midomoni mwa wauzaji na mafundi, na zile zitakazokataliwa zirekebishwe. King'amuzi kilithibitisha kuwa neno zuri huenea. Kinachohitajika sasa ni neno kumfikia mnunuzi kabla hajatoa fedha zake, kwani majuto ni mjukuu.