KUMZUIA OFISA NI KOSA: JE, NA KUMUULIZA YEYE NI NANI?



Wanaosema kwamba tunawafundisha watu kupigana na askari wametuzulia. Kumpinga mtumishi wa sheria aliye katika kazi yake ya halali ni kosa, nasi katazo hilo hatulipingi. Kanuni ya Adhabu ya Bara, iliyoanza kutumika mwaka 1945 chini ya Mwingereza na ingali ikitumika, yampa mkosaji kifungo hadi miaka 5. Tunalobishania ni neno moja tu: halali.

Sisi wenye maduka visiwani hununua bidhaa zetu Kariakoo. Siku moja tulisimama Mtaa wa Msimbazi, marobota yetu ya vitenge yakiwa juu ya mkokoteni. Wakaja watu watatu wenye nguo za nyumbani, wakashika kamba. Kijana wa mkokoteni akauliza kwa adabu, "Samahanini wakubwa, nyinyi ni nani?" Akapigwa kofi, akaambiwa ati anamzuia ofisa kufanya kazi yake. Kitambulisho hakikutolewa, wala karatasi, wala kosa halikutajwa. Marobota yalirudi jioni, moja limepungua. Hebu na tuulizane: hapo nani alimzuia nani?

Scotland ya zamani ilikuwa na kosa hili hili, na adhabu yake haikuwa ndogo, kwani mkosaji aliweza kunyang'anywa mali yake yote inayohamishika. Lakini tarishi wa Mfalme alipokwenda kukamata alichukua nishani yake na fimbo ndogo ya amani, na ilimpasa ajitambulishe kwanza. Akizuiwa kwa nguvu, aliivunja fimbo ile kuwa alama ya kwamba amezuiwa. Asiyejijulisha hakuwa na la kulalamikia. Hao ni watu wa karne zilizopita, tena wa nchi ya baridi na kondoo!

Wala hapana haja ya kwenda mbali hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yamtaka anayekamata amwambie anayekamatwa kosa lake. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa kuchoshwa na kamatakamata, hata Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na kikosi kazi cha kodi kikasimamishwa. Na sisi wa Unguja twaijua Kiembesamaki ya 1951: wakulima walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima, wakahukumiwa, watu wakataka kuwatoa mikononi mwa askari, risasi zikalia, roho zikapotea.

Twataka, kabla ya kamba ya mkokoteni kushikwa, kitambulisho kionyeshwe, kosa litajwe, na kila robota liandikwe katika karatasi yenye saini. Anayekataa hayo asithubutu kumshitaki mtu kwamba amemzuia.

Yule kijana hadi leo hajaombwa radhi.